Je, Mpole ni Yule Asiyeweza Kupiga?

 

Vijana wenzangu, mwezi uliopita baada ya kikao cha VIWAWA parokiani, kijana mmoja wa kidato cha nne alinivuta pembeni. Alikuwa amesikia kwamba kabla sijaingia seminari nilijifunza kung fu kwa miaka mingi kule kwetu Lushoto, na kwamba hadi leo, alfajiri kabla ya Masifu, huwa nafanya mazoezi nyuma ya bweni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia jambo la aibu: "Frateri, hivi Yesu si alifundisha tugeuze shavu la pili? Sasa wewe unajifunza kupiga ili iweje?"

Nikamjibu haraka haraka: "Ah, ni mazoezi tu ya mwili." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Lakini mimi nilijua nimemdanganya nusu. Kwa sababu kuna siku moja katika maisha yangu ambapo hayakuwa mazoezi tu. Nilimpiga mtu, na mtu huyo alikuwa amelala chini.

Basi leo namwandikia yeye, na wewe unayesoma, jibu ambalo ningepaswa kulitoa siku ile.

Sifu wetu

Kwanza maneno. Sisi Wakatoliki tukisikia "sifu" tunafikiria "Tumsifu Yesu Kristo". Lakini kwa Kikantoni, yaani Kichina cha kusini, "sifu" ni fundi anayekufundisha, na kuna namna ya kuliandika neno hilo ambapo herufi yake ya pili ni ile ya "baba". Mwalimu aliye baba. Mama yangu alicheka sana mara ya kwanza kunisikia nikisema "Naenda kwa Sifu". Akadhani nimejiunga na kwaya.

Na "kung fu" yenyewe, kwa asili yake, haimaanishi kupigana. Ni ustadi unaopatikana kwa kazi na kwa muda mrefu. Mpishi anaweza kuwa na kung fu yake, na mwandishi wa herufi nzuri anaweza kuwa nayo. Sanaa ya mapigano Wachina huiita "wushu". Ni sisi wa nje, hasa kupitia filamu, tuliozoea kuita mapigano kung fu.

Kwetu Lushoto haikuletwa na Wachina. Wachina walikuja Tanzania kwa maelfu mengi kujenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, lakini reli hiyo inatoka Dar es Salaam kwenda Zambia, haipiti karibu na milima ya Usambara. Kwetu kung fu ililetwa na banda la video. Bruce Lee alifariki mwaka 1973, ule ule ambao filamu yake "Enter the Dragon" ilitoka, na sisi tuliozaliwa miaka zaidi ya ishirini baadaye tulikuwa bado tunamlipia kiingilio. Wengi mtakumbuka sauti ya Lufufu akisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya picha, akiongeza vichekesho vyake, mpaka mtu unaona kama Hong Kong iko nyuma ya soko. Tukitoka bandani tulikuwa tunarushiana mateke njiani hadi nyumbani.

Mtu aliyetutoa kwenye mchezo huo alikuwa fundi seremala wa pale mjini, Muislamu mcha Mungu, mtu wa maneno machache. Alijifunza kung fu ujanani alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Siku moja alitukuta tukirukaruka barabarani, akasimama, akatuangalia, akasema: "Wanangu, mtavunjika miguu. Anayetaka kujifunza aje karakana Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri." Tulikwenda saba. Baada ya miezi miwili tulibaki watatu.

Kilichowaondoa wenzetu ni ufagio. Tulikuwa tunafika na giza, baridi ya Juni inakata masikio, ukungu umeshuka mpaka chini, halafu Sifu anatupa mafagio tufagie maranda. Tukimaliza tunapanga mbao. Tukimaliza hapo tunachota maji. Nilidhani ametupata vibarua wa bure. Miaka mingi baadaye niliangalia filamu ya mwaka 1978, "The 36th Chamber of Shaolin", nikamwona kijana anayetaka kujifunza kung fu hekaluni akibebeshwa ndoo za maji, nikacheka peke yangu. Kumbe tulikuwa kwenye njia inayojulikana. Walimu wengi wa zamani wa China hawakumfundisha mtu mpaka wamtazame kwanza kwa muda. Ufagio ulikuwa macho ya Sifu. Alitaka kujua nani anafagia pembeni hata kama hakuna anayemwangalia.

Baadaye akatupeleka kwenye kiwanja chake, kwenye njia ya kwenda Irente, katikati ya mikaratusi. Mnaojua milima yetu mnajua kwamba sehemu tambarare ni mali. Ikipatikana, tayari kuna mtu kapanda kabichi. Chetu kilitosha watu sita wakinyoosha mikono. Hapo ndipo nilipojifunza mabu, yaani kusimama kama uliyepanda farasi. Unatanua miguu kiasi cha mabega mawili, unakunja magoti mpaka mapaja yalale kama benchi, mgongo umenyooka, ngumi ziko kiunoni. Halafu unakaa hivyo, basi. Zamani walipima muda kwa kijiti cha ubani kinachoungua. Sifu alibandika birika la chai kwenye jiko la mkaa, na hatukuruhusiwa kuinuka mpaka lichemke. Na mkaa wa Lushoto wakati wa ukungu, jamani, hauwaki haraka.

Kutoka mabu tulikwenda kwenye mikao mingine minne, na hiyo mitano ikaunganishwa kuwa mfululizo mmoja mfupi unaoitwa wubuquan, ambao wanafunzi wengi wa wushu duniani huanza nao. Unaurudia mara mia, mara elfu. Unapiga hewa tu, hakuna mtu mbele yako. Mtakatifu Paulo anasema katika 1 Wakorintho 9:26-27 kwamba yeye hapigani kama mtu anayepiga hewa, bali anautiisha mwili wake. Nilipokutana na mstari huo seminarini nilijisikia vibaya kidogo, maana mimi nimepiga hewa miaka saba! Lakini nikatafakari nikaona kwamba hewa ndiyo iliyoutiisha mwili wangu. Ukipiga mtu, unamwangalia yeye. Ukipiga hewa huna wa kumlaumu; kila kosa ni lako.

Je, kuinama ni kuabudu?

Kabla sijafika kwenye ile siku, nijibu swali linaloulizwa sana. Kila mazoezi yalianza na salamu: ngumi ya mkono wa kulia inakutana na kiganja kilicho wazi cha mkono wa kushoto, halafu unainama kidogo kwa Sifu. Wapo wanaoieleza salamu hiyo hivi: ngumi ni nguvu, kiganja ni adabu, na adabu inaifunika nguvu. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alimwambia mama kwamba mtoto wake anaabudu miungu ya Kichina.

Kanisa limewahi kulikabili swali hili kwa uzito kuliko sisi. Baada ya mabishano marefu kati ya wamisionari kuhusu heshima za Wachina kwa Confucius na kwa wazee wao waliofariki, Papa Klementi XI alizikataza kwa Wakatoliki mwaka 1715. Lakini mwaka 1939, chini ya Papa Pius XII, Kanisa lilitambua kwamba heshima hizo zimekuwa za kijamii, na likaruhusu waamini kushiriki. Yaani kichwa kinachoinama si lazima kiwe kinaabudu. Inategemea moyo unasema nini na watu wa mahali pale wanaelewa nini. Sisi tunaosema "shikamoo" kila siku tungepaswa kulielewa hilo upesi. Na msisahau kwamba kati ya Wazungu wa kwanza kabisa kuandika habari za kung fu alikuwa padri Mjesuiti aliyeishi Beijing, Pierre-Martial Cibot. Maandishi yake yalichapishwa Ufaransa mwaka 1779, akieleza mikao ya mwili na namna ya kupumua ya watawa wa Kitao.

Hata hivyo tahadhari ipo. Mwaka 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa barua kuhusu sala ya Kikristo, ikitukumbusha kwamba utulivu wa mwili unaoletwa na mazoezi tusiuchukue kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Ni kweli. Baada ya nusu saa ya mabu unasikia amani fulani hivi. Ni amani ya misuli iliyopumzika. Mshukuru Mungu kwa hiyo, lakini usiipandishe cheo.

Kwa hiyo kwangu hatari haikuwa kwenye kuinama. Ilikuwa mahali pengine kabisa.

Siku ya soko

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimerudi likizo. Ilikuwa siku ya soko, na mama alinituma vitu. Nikiwa karibu na stendi nikasikia ule ukelele ambao kila mmoja wetu anaujua: "Mwizi! Mwizi huyo!" Watu wakakimbia, nami nikakimbia. Sikuona kilichoibiwa. Sikujua nani kaibiwa. Nilikuta duara la watu, na katikati kijana wa rika langu, labda ananizidi mwaka, amelala kwa ubavu, amefunika kichwa kwa mikono.

Marafiki zangu wawili walikuwepo. Mmoja akasema, "Wewe si ndiye mtu wa kung fu?" Maneno hayo tu. Nikaingia, nikampiga teke moja la mbavuni. Nikasikia sauti aliyoitoa. Si kilio, ni pumzi inayotoka yote kwa mara moja. Watu wakashangilia.

Nisijitetee kwamba nilikuwa na hasira, maana sikuwa nayo. Magazeti yetu yana msemo, "wananchi wenye hasira kali". Nawaambia kama shahidi: wengi pale hawakuwa na hasira yoyote. Walikuwa na nafasi.

Ndipo Sifu alipoingia. Alikuwa ametoka karakana, penseli bado iko sikioni. Alipenya duara kwa bega, akamvuka yule kijana, akatanua miguu juu yake, akakunja magoti, akafungua mikono pembeni. Nikautambua mkao huo. Ilikuwa mabu, ile ile ya birika la chai.

Watu wakapiga kelele: "Fundi, toka! Unamtetea mwizi?" Mtu mmoja akashusha fimbo, ikampata Sifu begani. Nilimwona anafumba macho na kufumbua. Nilijua mkono ule unaweza kufanya nini. Mwenye fimbo alikuwa karibu kiasi cha hatua moja, kifua wazi. Sifu hakumgusa. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei ya mbao: "Aliyeibiwa ni nani? Aje aseme."

Kimya. Watu wakaanza kutazamana. Aliyeibiwa ni nani? Hakuna aliyejua. Ikachukua muda mpaka mama mmoja muuza mapeasi akajitokeza, kitenge kimemlegea, anasema, "Ni mimi, lakini simu yangu nimeshaipata, mwacheni jamani." Watu wa nyuma wakaanza kuondoka. Mgambo wakaja wakamchukua yule kijana, anatembea amejishika ubavu.

Sifu alipogeuka macho yake yalinikuta. Hakusema neno.

Teke lilikuwa safi

Jumamosi nilikwenda nikitegemea kufukuzwa. Bega la Sifu lilikuwa limevimba, alikuwa anaranda ubao kwa mkono mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, Sifu." Akaitikia. Akaendelea kuranda. Halafu akasema:

"Teke lako lilikuwa safi. Nyonga imegeuka, mguu umerudi mahali pake. Nilikufundisha vizuri." Akanyamaza. "Tangu siku ile sijalala vizuri, mwanangu."

Angenitukana ningepona mapema zaidi. Akanipa ufagio. Miezi mitatu sikuruhusiwa kukanyaga kiwanjani. Kila nilipokuwa nyumbani, ni maranda tu.

Sasa twende darasani kidogo, maana sentensi ile ya fundi seremala ndiyo niliyokuja kuikuta seminarini katika falsafa, na nikaielewa kabla sijaisoma. Aristotle anasema elimu au ufundi ni uwezo unaoelekea pande mbili. Daktari anayejua kuponya anajua pia kuua, na ni kwa elimu ile ile. Fadhila haiko hivyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Mtakatifu Augustino, anafundisha kwamba fadhila ina alama hii: haiwezi kutumiwa vibaya. Huwezi kumdhulumu mtu kwa haki. Huwezi kutenda ukatili kwa upendo. Ufundi unaifanya kazi iwe nzuri. Fadhila inamfanya mtu mwenyewe awe mwema.

Teke langu lilikuwa kazi nzuri ya mtu mbaya.

Vyote viwili, ufundi na fadhila, vinajengwa kwa kurudiarudia, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Tunadhani nidhamu ni utakatifu. Mtu anaamka saa kumi usiku kila siku, anakimbia, anafunga, hanywi pombe, tunasema "kijana mwema huyo". Labda. Lakini majambazi nao huamka mapema. Mimi nilikuwa na nidhamu ya miaka, miguu yangu ilikuwa imara, na moyo wangu uliangushwa na sentensi moja ya rafiki. Nilikuwa nimezoeza kila kiungo isipokuwa kile kinachotaka kusifiwa.

Ndugu zangu mnaojiandaa kwa upadri au utawa, hili linatuhusu sana. Kule kwetu, karibu na Soni, Wabenediktini wana shamba lao la Sakharani, na ukipita unaona maisha yao: kengele, sala, kazi, kengele, sala. Historia inasema hekalu la Shaolin lilianzishwa China mwaka 495, wakati Mtakatifu Benedikto akiwa bado kijana nchini Italia. Watu wasiojuana kabisa, wameona jambo moja: mwili ukifundishwa ratiba, roho nayo inaweza kufundishika. Inaweza. Lakini kengele haimpendi Mungu kwa niaba yako. Ndiyo maana Wachina wenyewe walikuwa na neno la pekee, wude, yaani maadili ya mwanasanaa ya mapigano, wakilitenga na ustadi wa mikono. Walijua kwamba kimoja kinaweza kuwepo bila kingine. Sifu alinipima kwa ufagio nikafaulu, kwa sababu pale karakana hakukuwa na wa kunishangilia. Stendi ilikuwa mtihani mwingine.

Basi mpole ni nani?

Sasa nirudi kwa swali lako, mdogo wangu wa kidato cha nne. Si ingekuwa bora nisingejifunza kabisa? Asiyejua kupiga hapigi.

Ukweli ni kwamba waliompiga yule kijana siku ile walikuwa wengi, na mwenye mafunzo nilikuwa mimi peke yangu. Kutokujua hakukumzuia mtu. Na wapo watu wasiopiga kwa sababu tu hawawezi. Wakipata cheo, au kundi la watu nyuma yao, au simu mkononi na jina la bandia mtandaoni, utawaona. Kutoweza si upole. Ni nafasi ambayo bado haijafika.

Mtakatifu Thomas anauweka upole kuwa fadhila inayotawala hasira. Hasemi inaiua. Anakwenda mbali zaidi: kutokasirika pale akili inapodai ukasirike, nako kunaweza kuwa kosa. Sifu siku ile alikuwa amekasirika, niliona mishipa ya shingo yake. Lakini hasira yake yote ilishuka miguuni, ikawa kusimama. Na Thomas anasema tena, akizungumzia ujasiri, kwamba tendo lake kuu si kushambulia bali ni kustahimili. Nilipolisoma hilo maktaba nilifunga kitabu nikatoka nje. Nililiona tayari, stendi ya Lushoto, limevaa aproni ya useremala.

Mtaniambia Bwana alitufundisha tugeuze shavu, Mathayo 5:39. Ndiyo. Lakini soma pia Yohane 18:22-23, jinsi yeye mwenyewe alivyofanya alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu. Hakurudisha. Hakukimbia pia. Alimwuliza aliyempiga swali: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya wenyewe, na kama nimesema vema, kwa nini unanipiga? Alibaki amesimama, akamrudishia mpigaji akili yake. Sifu alifanya hivyo hivyo kwa umati, bila kuijua sura hiyo: aliyeibiwa ni nani? Swali kama hilo linaweza kuulizwa tu na mtu aliyeamua kutorudisha kofi na kutoondoka.

Tena aliyekuwa anapigwa hakuwa yeye. Katekisimu, namba 2265, inafundisha kwamba kujilinda kihalali kunaweza kuwa wajibu mzito kwa aliye na dhamana ya maisha ya wengine. Shavu langu naweza kuligeuza. Shavu la kijana aliyelala chini sina ruhusa ya kuligeuza kwa niaba yake.

Na usidhani basi lazima ujifunze kung fu ili uwe mpole. Mwenyeheri Isidori Bakanja wa Kongo alikuwa kijana mfanyakazi, hakufundishwa mkao wowote. Alichapwa vibaya kwa sababu ya skapulari yake ya Bikira Maria, akateseka kwa miezi, akafa mwaka 1909 akiwa amemsamehe mzungu aliyemtesa na kuahidi kumwombea. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Kung fu ni njia moja ndogo ya kuufundisha mwili usikimbie. Sala, kufunga na kuwahudumia wagonjwa ni njia nyingine. Swali ni lile lile mwishoni: ukishaweza, utasimama upande wa nani?

Mzigo wa kabichi

Nilikwenda kuungama. Padri alinipa maondoleo, halafu akaongeza: "Mungu amekusamehe. Sasa nenda kamtafute aliyeumia." Ilinichukua karibu mwaka. Nikaambiwa yuko Soni, anapakia kabichi kwenye malori. Nikamkuta. Nikamweleza mimi ni nani na nilifanya nini, sauti inatetemeka.

Akaniangalia muda mrefu. Akasema: "Mateke yalikuwa mengi, kaka. Sijui lako lilikuwa lipi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha au kwa ngumi, hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikabaki nimesimama kama mti. Akainama kwenye gunia, akasema, "Basi shika upande huo." Nikashika. Tukapakia mpaka jua likazama nyuma ya milima. Alikuwa akiinua kwa upande mmoja, akiulinda ule mwingine. Hatukuongea tena. Sijui kama alinisamehe. Sikuthubutu kumdai jibu.

Ndiyo maana bado nafanya mazoezi, mdogo wangu. Kila alfajiri nikishuka kwenye mabu namkumbuka Sifu alivyosimama, na aliyekuwa chini ya miguu yake. Halafu kengele inalia, nakwenda kwenye Masifu.

Wiki hii, jiulize maswali haya mbele ya Sakramenti Kuu:

Ni uwezo gani nilionao (nguvu, elimu, ulimi, wafuasi mtandaoni) ambao naweza kuutumia kwa pande mbili?

Mara ya mwisho nilipojiunga na kundi kumsema au kumwumiza mtu, nilikuwa na hasira kweli, au nilikuwa na nafasi tu?

Yupo mtu ambaye Mungu amenisamehe juu yake, lakini mimi bado sijamtafuta?

Tuombe. Ee Yesu, mpole na mnyenyekevu wa moyo, uliyepigwa ukabaki umesimama, tufundishe mikono yetu kufunguka na miguu yetu kutokimbia. Uwaponye waliopigwa na makundi, na utupe ujasiri wa kuwatafuta tuliowaumiza. Amina.

Mama Maria, utuombee. Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee.